Kiumbe Yuleyule, Mstari Mwingine

Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado, mhandisi wa kampuni ya Taito nchini Japani, alikuwa anatafuta nani wa kupigwa risasi katika gemu yake mpya. Vifaru na ndege alivyojaribu mwanzoni havikusogea vizuri kwenye skrini. Umbo la binadamu lilisogea vizuri zaidi, lakini wakubwa zake hawakutaka gemu ya kuua watu. Basi akageukia viumbe wa baharini, ngisi, kaa na pweza, akawafanya wavamizi kutoka angani. Gemu hiyo ni Space Invaders.

Ngisi wake ana pikseli 8 kwa 8. Kaa ana 11 kwa 8, pweza 12 kwa 8. Kila pikseli, yaani kila kimraba cha mwanga kinachojenga picha, ama inawaka ama imezimwa, na macho ya viumbe hawa ni matundu mawili yaliyoachwa giza. Hata rangi hazikutoka kwenye mashine: karatasi angavu zenye rangi zilibandikwa juu ya kioo, na mvamizi akishuka chini anabadilika rangi kwa sababu tu amepita nyuma ya karatasi nyingine. Kila kiumbe alikuwa na picha mbili zinazopokezana, na kwa hizo mbili anaonekana anatembea.

Ukimwangalia kaa yule leo, hutaona mstari wala kivuli. Ni umbo tupu. Mambo hayo mawili, mstari unaosema mwili unaishia wapi na kivuli kinachosema mwili umevimba wapi, yalikuja baadaye, na yalipokuja yakaanza kugombania pikseli zilezile chache. Ugomvi huo ulichukua zaidi ya miaka 30, na mahali pazuri pa kuufuatilia ni kwa viumbe waliochorwa, wakafutwa, wakachorwa tena na kampuni ileile, mashine baada ya mashine. Lakini kabla ya kufika huko kuna wachoraji wachache ambao ingekuwa dhambi kuwaruka.

Nintendo ilipotoa mashine yake ya nyumbani, Famicom, Julai 1983, kila kipande cha picha inayosogea kilipewa rangi tatu. Nafasi ya nne ilikuwa ya uwazi, pale ambapo mandhari ya nyuma yanaonekana. Mchoraji akitoa rangi moja kwa ajili ya mstari mweusi, amebakiwa na mbili. Kwa mbili hizo afanye nini? Atie rangi ya mwili na kivuli chake, au rangi ya mwili na rangi ya kucha, macho na meno? Hesabu hiyo ndogo iliwasumbua watu wenye vipaji vikubwa kwa muda mrefu.

Wengine waliikwepa kwa kubuni kiumbe asiyehitaji sana kivuli. Katika Dragon Quest ya mwaka 1986, mbunifu Yuji Horii alikuwa amechora lundo la ute kama adui dhaifu wa kwanza. Akira Toriyama, ambaye vibonzo vyake vilikuwa tayari vinasomwa na Japani nzima, alilipokea lundo lile akalirudisha likiwa tone: ncha juu, tumbo chini, macho mawili ya mviringo na tabasamu. Watu humsifu kwa ucheshi wake, nami nawaunga mkono, ila naona sifa kubwa zaidi ni kwamba tone lina ukingo mmoja usiokatika. Lundo lingehitaji mikunjo ndani, na kila mkunjo ungekula rangi. Tone linatambulika kwa mstari wake wa nje peke yake, hata kwenye televisheni mbovu.

Mwaka uliofuata kampuni ya Square ilitoa Final Fantasy, na hapo kazi ilikuwa ngumu maradufu. Michoro ya awali ilitoka kwa Yoshitaka Amano, mchoraji wa mistari myembamba inayoelea, nywele na nguo zikipepea hadi hujui wapi mwili unaishia. Aliyetakiwa kuigeuza michoro ya namna hiyo kuwa pikseli ni Kazuko Shibuya, aliyekuwa amepitia uchoraji wa filamu za katuni kabla ya kuingia Square. Uwanja wa mapambano katika gemu hiyo ni mweusi karibu wote, na mazimwi wanasimama juu ya weusi huo. Faida yake ni hii: kiumbe hana haja ya kuzungushiwa mstari. Upande wake usiopata mwanga unaachwa uzame gizani, na jicho la mchezaji linamalizia lenyewe. Giza la nyuma likawa mstari na kivuli kwa wakati mmoja, bila kulipiwa hata rangi moja.

Ujanja huo ulikufa ghafla kwenye kifaa kilichofuata, maana chenyewe kilikuwa na mandhari meupe.

Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, ilitoka Aprili 1989, chini ya mhandisi Gunpei Yokoi. Skrini yake ina pikseli 160 kwa 144, haina taa, na rangi zake ni ngazi nne za kijivu kinachoelekea kijani. Kitu kikisogea haraka kinaacha ukungu nyuma yake. Picha zote zinajengwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kila pikseli inahifadhiwa kwa biti mbili. Kigae kimoja kwa hiyo ni biti 128, yaani baiti 16. Kiumbe wa vigae 7 kwa 7, pikseli 56 kila upande, anafikia baiti 784. Si nyingi, mpaka utakapoamua kwamba unataka viumbe 151.

Uamuzi huo ni wa Game Freak, kampuni iliyoanza kama jarida la wapenzi wa gemu lililotolewa na Satoshi Tajiri mwaka 1983, Ken Sugimori akiwa mchoraji wake. Gemu yao ya viumbe wa kukamata na kubadilishana, Pokémon, ilianza kutengenezwa mwaka 1990 na kuingia dukani Februari 27, 1996, katika matoleo mawili, Red na Green. Katriji nzima ilikuwa na kilobaiti 512. Kama viumbe wote 151 wangechukua ukubwa kamili, picha zao za mbele peke yake zingemeza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nafasi hiyo. Kwa hiyo wengine walipewa vigae 5 kwa 5, wengine 6 kwa 6, na ni baadhi tu waliopata 7 kwa 7. Picha za mgongoni zilichorwa ndogo kisha mashine ikazikuza mara mbili, ndiyo maana zinaonekana kama zimejengwa kwa matofali.

Zaidi ya hapo, picha zilibanwa. Namna ya kubana ilikuwa kugawa picha katika matabaka mawili ya biti na kuandika kwa kifupi kila mahali ambapo hakuna kinachobadilika. Sehemu tambarare ya rangi moja inabanika vizuri sana. Madoadoa, pikseli moja nyeusi moja nyeupe, ambayo ndiyo njia ya zamani ya kudanganya jicho lione kijivu cha katikati, hayabaniki. Mchoraji aliyepaka kivuli cha madoadoa kwa furaha alikuwa anamkata mwenzake nafasi. Habari ya kiumbe wa mwisho, Mew, inajulikana: Shigeki Morimoto, mmoja wa watengenezaji wa gemu hiyo, alimwingiza dakika za mwisho, katika baiti kama 300 zilizopatikana baada ya zana za majaribio kuondolewa.

Ukiwatazama viumbe wa Red na Green leo, unaona kazi ya mikono kadhaa katika kipindi kirefu. Mmoja ana mstari mnene, jirani yake mwembamba. Na kuna makosa mawili yanayojirudia, ambayo kila anayeanza kuchora pikseli huyafanya mpaka leo.

La kwanza ni la mstari. Mstari wa pikseli haupindi, unapanda ngazi. Ukitaka mstari mlalo ulioinama kidogo, unaweka pikseli mbili, unapanda moja, mbili, unapanda moja, na jicho linaona unyoofu. Ukiweka mbili, mbili, tatu, moja, mbili, jicho linajikwaa pale kwenye tatu. Kwa mgongo wa kiumbe unaopinda, ngazi zinatakiwa zipungue kwa mpangilio: 6, kisha 3, kisha 2, kisha 1 na 1, halafu zirudi 2, 3, 6. Kosea namba moja tu na mgongo unaota kibyongo. Msusi wa mkeka anaijua taabu hii, kwani naye anatafuta duara ndani ya chane zilizonyooka. Katika Red na Green migongo mingi ina vibyongo vya aina hiyo, na mahali ngazi mbili zilipokutana kwenye kona pamebaki pikseli ya ziada inayofanya mstari uonekane una uvimbe.

La pili ni la kivuli. Mchoraji anachora mstari wa nje, anapaka kijivu kilichokoza kuufuata kwa ndani, pande zote, kisha kijivu chepesi, na katikati anaacha nyeupe. Kazi inaonekana nadhifu, lakini mwanga unatoka wapi? Unatoka usoni kwa mtazamaji, sawasawa kila mahali, na kiumbe mwenye miguu, tumbo, shingo na kichwa anageuka kitu kimoja kilichojazwa upepo. Mguu wa nyuma unang'aa sawa na wa mbele. Taya haliweki giza shingoni. Vijivu viwili kati ya vinne vimetumika kurudia habari ambayo mstari mweusi ulikuwa umeshaitoa.

Game Freak waliliona hilo wenyewe. Oktoba 1996, miezi minane tu baadaye, walitoa toleo la Blue, mwanzoni kwa kuagiza kupitia jarida la watoto la CoroCoro, na picha za viumbe zilikuwa zimechorwa upya. Ndizo picha ambazo Marekani ilizipata Septemba 1998, kwa hiyo wachezaji wengi nje ya Japani hawakuwahi kuziona zile za kwanza. Kwangu mimi hapa ndipo penye somo lote, kwa kuwa hakuna kingine kilichobadilika. Mashine ni ileile, vijivu ni vilevile vinne, vigae havikuongezeka. Kilichobadilika ni uamuzi. Viumbe wanasimama kwa mshazari badala ya kumkabili mtu kifua mbele, na kivuli kinakusanywa upande mmoja na chini ya tumbo badala ya kuzungushwa ukingoni. Nyeupe inaachwa iwe kubwa, ikibeba upande wenye mwanga peke yake.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuwa makini na kijivu. Tangu mwaka 1994 Nintendo ilikuwa inauza Super Game Boy, kifaa cha kuchezea katriji hizi kwenye televisheni kwa kupachika rangi badala ya vijivu. Kiumbe akichomekwa hapo, kijivu chepesi kinakuwa rangi ya mwili na kilichokoza kinakuwa kivuli chake. Kama mchoraji alikitumia kijivu kilichokoza mara kama kivuli, mara kama rangi ya sikio, televisheni itaanika ubabaishaji huo.

Toleo la Yellow, Septemba 1998, lilileta mchoro wa tatu kwa viumbe walewale. Safari hii kilichosukuma ni katuni ya televisheni iliyoanza Aprili 1997, kwani watoto walikuwa wameshamzoea Pikachu wa huko. Pikachu huyu, aliyebuniwa na Atsuko Nishida, alikuwa mnene wa kuviringika katika matoleo ya mwanzo. Sasa akapata kiuno na shingo. Fuatilia mstari wake wa tumbo katika matoleo hayo utaona ngazi zikipangwa upya moja baada ya nyingine, mpaka unene unatoka bila kiumbe kupoteza utambulisho wake.

Rangi za kweli zilikuja na Gold na Silver, Novemba 21, 1999, kwenye Game Boy Color. Viumbe walifika 251, na picha za mgongoni hatimaye zikachorwa kwa ukubwa wake halisi. Lakini kila kiumbe alikuwa na nyeusi, nyeupe, na rangi mbili za kuchagua. Ile hesabu ya Famicom imerudi: kiumbe wa bluu mwenye pembe za njano, je, umpe bluu na njano na kumwacha bapa, au bluu mbili na kuzitoa pembe sadaka? Wachoraji walijibu tofauti kwa kila kiumbe. Jibu ninalolipenda zaidi ni pale rangi ya pili inapofanya kazi mbili, ikawa rangi ya pembe na pia kivuli cha mwili, ilimradi iwe imekoza vya kutosha. Picha hizo zilitoshea kwa msaada wa Satoru Iwata, aliyekuwa akiongoza kampuni ya HAL Laboratory wakati huo na ambaye aliandika zana za kubana michoro. Toleo la Crystal, Desemba 2000, likawapa viumbe hao mwendo: kila mmoja anapotokea anajitikisa, anapepesa, anafungua mdomo.

Mpaka hapo mstari ulikuwa mweusi. Haukuwa na namna nyingine, kwani nyeusi ilikuwa ya bure na rangi nyingine zilikuwa ghali. Game Boy Advance ilivunja jambo hilo. Katika Ruby na Sapphire, Novemba 2002, kila kiumbe alipata pikseli 64 kwa 64 na rangi 15, ya 16 ikiwa uwazi. Ghafla mstari wenyewe unaweza kupakwa rangi. Jani linazungushiwa kijani kilichokoza, mwali wa moto unazungushiwa nyekundu ya damu ya mzee, na weusi halisi unawekwa pale tu ambapo mwanga haufiki, chini ya mkono, nyuma ya goti, kwenye kisigino. Mwanga kwa kawaida unatoka juu kushoto. Kwa hiyo mstari wa begani kushoto ni mwepesi, na unakoza kadiri unavyoteremka kulia. Mstari umeanza kufanya kazi ya kivuli, na ule ugomvi wa zamani unapungua makali.

Kuna jambo moja ambalo rangi 15 hazikuliruhusu, nalo linawanasa wengi. Ngazi za mstari zinaweza kulainishwa kwa kuweka pikseli ya rangi ya katikati kwenye kila kona. Ndani ya mwili hilo linafanya kazi vizuri mno: kope, mstari wa mdomo, mkunjo wa bawa. Nje ya mwili halifai, kwa sababu kiumbe atasimama mara kwenye nyasi, mara pangoni, mara juu ya maji. Pikseli iliyochanganywa ili iyeyuke kwenye nyasi itaonekana pangoni kama vumbi lililomganda kiumbe. Hivyo ukingo wa nje uliachwa mkali, na usafi wake ukategemea mpangilio wa ngazi tu, kama mwaka 1996.

Rangi nazo zilikuwa na tabia yake. Skrini ya kwanza ya Game Boy Advance haikuwa na taa, na gemu nyingi za wakati huo zilipakwa rangi kali ili zionekane. Kuongeza weusi kwenye rangi ya mwili ili kupata kivuli kulitoa tope. Wachoraji stadi hawaendi chini tu, wanaenda pembeni pia: kivuli cha njano kinaelekea kwenye hudhurungi nyekundu, kivuli cha kijani kinaelekea bluu, na sehemu yenye mwanga inavutwa kuelekea njano. Ngazi tatu zilizochaguliwa hivyo zinatosha kumfanya mjusi awe na magamba bila kuchora hata gamba moja.

Kwenye Nintendo DS nafasi ilipanuka hadi pikseli 80 kwa 80 kwa Diamond na Pearl, Septemba 2006, na viumbe walifika 493. Miaka hiyo sina mengi ya kuisemea. Ni ustadi uliokomaa ukiendelea na kazi. Black na White ya Septemba 2010 ndiyo iliyothubutu. Viumbe wote 649 walisogea muda wote wa pambano, wakipumua, wakipepea mbawa, wakitikisa mikia. Kuchora kila fremu kwa mkono kusingewezekana kwa idadi ile, kwa hiyo kiumbe alikatwa vipande, kichwa, mkono, mkia, na mashine ikavizungusha na kuvivuta.

Waliozipenda picha zile ni wengi na wana haki, maana zina uhai. Ila angalia mkono unapozunguka. Mstari uliopangwa ngazi kwa ngazi na mtu unageuzwa nyuzi 10 na hesabu isiyojali ngazi, na vibyongo vya mwaka 1996 vinarudi vyote. Kamera nayo ilikuwa inasogea karibu, ikikuza pikseli mpaka rangi zinaonekana mabaka. Mwanga uliopakwa juu kushoto ya mkia unabaki upande uleule wa mkia hata mkia ukipinda kwenda kulia. Wachoraji walikuwa wamefika kilele cha mstari, kisha mashine ikaupinda.

Oktoba 12, 2013, X na Y zilitoka siku moja duniani kote kwa Nintendo 3DS, na viumbe wa pambano wakawa maumbo ya pande tatu. Taa iliwekwa mara moja na kompyuta ikakokotoa kivuli cha kila kiumbe kadiri anavyogeuka. Mstari wa nje ulibaki, lakini nao sasa unachorwa na kompyuta kuzunguka umbo, kila fremu, bila mtu kuamua wapi uwe mwepesi na wapi ukoze.

Pikseli hazikuondoka. Coromon ya mwaka 2022 na Cassette Beasts ya mwaka 2023 zina viumbe wa kupambana waliochorwa kwa pikseli, kwenye mashine ambazo zingeweza kubeba chochote. Na kila kizazi kipya cha viumbe wa pande tatu kilipotoka baada ya mwaka 2013, wapenzi wa mtindo wa zamani waliketi kuwachora kwa pikseli, bila malipo, wakijiwekea masharti ya Black na White: fremu ya pikseli 96 kwa 96, rangi 15, mwanga kutoka juu kushoto, na ukingo wa nje usiolainishwa, ingawa skrini wanazochorea zinaonyesha mamilioni ya rangi na nyuma ya kiumbe hakuna nyasi wala pango.